Dominika ya 5 ya Mwaka B: Mkono Uliowainua Wengi



Ndugu wasikilizaji wapendwa, Injili ya Dominika hii, Marko 1:29-39, yatupeleka katika nyumba ya wavuvi ukingoni mwa ziwa. Mama mkwe wake Simoni yu kitandani, hawezi homa. Yesu anaarifiwa habari zake, anamkaribia, anamshika mkono na kumwinua. Homa inamwacha, naye anaanza kuwatumikia. Jua linapokuchwa, mji wote umekusanyika mlangoni pamoja na wagonjwa wao.

Wenzetu wanaoishi Kyela, Itungi, Matema na Ikombe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hawahitaji maelezo mengi ili kuielewa Injili hii. Huko nako zipo nyumba za wavuvi, mitumbwi iliyovutwa mchangani, usipa ulioanikwa juani, na homa. Bonde lile liko chini, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hulishukia kutoka nyanda za juu. Mvua za Aprili na Mei zikizidi, mito hufurika. Maji yale yale yanayostawisha mpunga, migomba na kakao ndiyo yanayozalisha mbu. Neema na maradhi hukaa jirani.

Leo napenda tutafakari maisha ya mama mmoja wa ukingo ule wa ziwa. Sitamtaja jina, kwa sababu si mama mmoja. Ni sura ya wanawake wengi waliolelewa mashambani, wakawa wauguzi, wakaolewa, wakazaa, wakazeeka katika kuwatumikia watu. Kila parokia ya bonde lile itamtambua, na pengine hata parokia yako.

Alizaliwa katika miaka ya 1940. Utotoni alichota maji, alipalilia, alivuna, na mpunga ulipokaribia kuiva alikaa shambani tangu alfajiri kuamia ndege. Shamba lilimfundisha mambo mawili kabla ya shule: kwamba kiumbe dhaifu huhitaji kuangaliwa kila siku, wala si siku utakayo wewe, na kwamba mwenye kupanda hana amri juu ya mvua. Masomo hayo mawili aliyachukua mpaka wodini.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walihesabika kwa vidole. Mzigo mkubwa wa kuwatibu watu wa vijijini ulikuwa juu ya wauguzi, wakunga na waganga wasaidizi, katika zahanati za serikali na katika hospitali za misheni. Kwa wakazi wa Matema, hospitali ya ndugu zetu Walutheri imekuwa kimbilio la wagonjwa wa madhehebu yote. Homa haiulizi mtu amebatizwa wapi, na muuguzi mwema naye haulizi.

Basi binti huyo wa mkulima akavaa sare nyeupe. Alichemsha sindano katika sufuria, alipima watoto kwenye mizani, alizalisha kwa mwanga wa kandili. Mtoto aliposhikwa na degedege, na wazee wakasema kwamba ugonjwa huo si wa hospitali, hakuwatukana. Aliketi nao, akawaeleza, akarudi tena kesho yake. Wakati nchi ilipopita katika dhiki baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, hata sabuni ilikuwa adimu. Kisha likaja gonjwa jipya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na baada ya miaka michache mkoa wa Mbeya nao ulikuwa ukizika vijana wake. Dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kabla ya hapo, muuguzi alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na maji, kitambaa, dawa za kutuliza, na mkono wenyewe. Wengine waliogopa hata kumgusa mgonjwa. Yeye alimgeuza, alimwosha, alimwita kwa jina lake.

Ndugu wapendwa, hapa yatupasa kuitazama Injili kwa uangalifu. Marko angeweza kuandika kwamba Yesu alisema neno, na homa ikatoka. Hakuandika hivyo. Ameandika kwamba alimshika mkono. Mwana wa Mungu hakuona haya kuugusa mwili wa mama mkwe wa mtu uliowaka kwa homa.

Na jambo hili la ukwe si dogo kwa watu wa Kyela. Katika mila ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mwana hakuruhusiwa kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Alimkwepa njiani, wala hakuingia nyumba aliyokuwamo. Wazee hawakuiweka mila hiyo kwa ubaya. Ilikuwa heshima, na heshima ni ukuta wa nyumba. Lakini tufikiri pamoja: usiku wa manane mzee analetwa amepoteza fahamu kwa malaria, na muuguzi wa zamu ni mmoja tu, naye ni mke wa mwanawe. Afanye nini? Akimkwepa, ametunza heshima, na mzee atakufa. Akimgusa, watu watasema kesho.

Injili inamjibu bila kuidharau mila. Heshima iliwekwa ili kumlinda mzee. Basi siku ambayo kumgusa ndiko kumlinda, kumgusa ndiko kumheshimu. Muuguzi wa namna hiyo aweza kuinamisha kichwa, aweza kumwita mama mkwe asimame karibu, aweza kusema pole kwa unyenyekevu wote wa mkaza mwana. Lakini sindano ataichoma. Mila haivunjwi na huruma. Hutimizwa.

Lakini tusiyasimulie maisha haya kana kwamba hayakuwa na gharama. Usiku ule aliokesha na watoto wa wenzake, wake mwenyewe alikuwa na homa nyumbani. Mumewe alibaki na kitoto kilichomlilia mama. Bibi alikoroga uji, jirani alileta kuni, mtoto mkubwa alimbeba mdogo mgongoni. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga, na mkono mmoja haufanyi muuguzi pia. Ninyi akina baba mliolala na mtoto kifuani ili mke aende zamu, msidhani mlikuwa nje ya kazi ile. Nusu ya thawabu yake ni yenu. Na ninyi watoto, ambao pengine mlikua mkinung'unika kwamba mama alikuwa wa watu wote isipokuwa wenu, manung'uniko yenu Mungu ameyasikia. Hakuna dhambi katika kusema kwamba mlimkosa. Mwambieni angali hai, naye awasikilize, ili mpatane kabla ya siku ya maombolezo. Tumewahi kusikia sifa nyingi zikisomwa kando ya jeneza, huku wenye nyumba wamefunga mioyo.

Sasa twende mpaka mwisho wa maisha hayo. Sheria ya utumishi humstaafisha mtu akiwa na miaka 60. Mama yetu alirudi shambani, kwenye migomba na kakao yake, na kwa miaka mingi watu waliendelea kubisha hodi usiku: mama, mtoto anatapika, mama, uchungu umeanza. Leo amepita miaka 80. Mgongo umepinda, macho yamefifia, miguu imevimba. Somo la kwanza la leo latupa sauti ya Ayubu, anayelalamika juu ya usiku usiokwisha na siku zinazopita upesi. Yeye aliyekesha usiku wa wengine, sasa anao usiku wake mwenyewe. Ni nani anayekesha naye?

Ndilo swali ambalo Injili hii inatuuliza. Wapo wanaoisoma kwa haraka na kusema: mama mkwe aliponywa ili apate kuwaandalia wageni chakula. Ndivyo tunavyowatendea akina mama wengi. Tunawataka wapone ili warudi jikoni, warudi wodini, warudi shambani. Nguvu zikiisha, tunaacha kuwatembelea. Lakini tazameni mpangilio wa Injili. Kabla ya utumishi wa mama yule, upo mkono wa Bwana. Yesu hakuuliza kwanza kama mgonjwa huyu ataweza kufanya kazi tena. Alimwinua kwa kuwa alikuwa amelala. Anayetumikia naye ni mtu wa kushikwa mkono.

Papa Yohane Paulo II, katika barua yake kwa wanawake ya mwaka 1995, aliwashukuru akina mama, wake, mabinti na wanawake wafanyao kazi. Ni yeye pia aliyeiweka Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 11 Februari, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, na iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993. Shukrani za Baba Mtakatifu ni njema, lakini haziwezi kumchotea maji bibi wa Ikombe. Hilo ni letu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Ninyi makatekista, katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo andikeni majina ya wazee waliowahi kuwatumikia wagonjwa, wauguzi, wakunga na wahudumu, nanyi mhakikishe kwamba padre anawafikia kwa Komunyo Takatifu na Mpako wa Wagonjwa, bila kungoja mpaka pumzi za mwisho. Ninyi akina mama wa WAWATA, wekeni zamu ya kuwatembelea, kama wao walivyokuwa na zamu ya kuwahudumia. Na wewe kijana, kamuulize mama yako ni mikono ya nani iliyokupokea ulipozaliwa. Ukipata jina, nenda nyumbani kwake. Mpelekee samaki, mpasulie kuni, keti. Umwambie kwa lugha ya nyumbani, ndaga fijo. Kama amekwisha kutangulia, nenda ukapalilie kaburi lake na kumwombea.

Mtakapoingia, mtamkuta pengine amelala, na atajitahidi kuinuka ili awaandalie chochote. Ndiyo desturi yake. Msimzuie kwa ukali, kwa maana kutumikia ni fahari yake mpaka mwisho. Lakini kwanza mshikeni mkono.

Ee Bwana, uliyeingia nyumba ya Simoni, ingia katika nyumba za wote waliowahudumia wagonjwa nao sasa wanaugua. Wainue kwa mkono wako, na utufundishe sisi kuwa mkono huo. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.