Viendelezi vya Kivinjari: Kipi Kibaki, Kipi Kiondolewe

Mazungumzo kwa wakazi wa Nairobi

Wakazi wa Nairobi, shughuli nyingi zilizokuwa zikimpangisha mtu foleni City Hall au Huduma Centre ya GPO sasa hufanyika ndani ya kivinjari. Kibali cha biashara hulipiwa mtandaoni, marejesho ya kodi huwasilishwa kwenye iTax kabla ya Juni 30 kupita, na huduma za serikali kuu zimo kwenye eCitizen. Mwenye duka wa Kawangware na mhasibu wa Westlands wanategemea chombo kimoja, mara nyingi katika kompyuta iliyotumika, iliyonunuliwa Luthuli Avenue ikiwa na kumbukumbu ya GB 4. Kompyuta hiyo ikianza kujikokota, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya intaneti. Huenda tatizo liko karibu zaidi.

Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa kwenye Chrome, Edge au Firefox ili ifanye kazi fulani: kuzuia matangazo, kuhifadhi nenosiri, kukagua tahajia. Vingi ni vya bure, na hapo ndipo watu hujisahau. Kilichowekwa kwa kazi ya dakika tano, tuseme kugeuza barua kuwa PDF, hubaki kimewashwa mwaka mzima. Kikiwa na ruhusa ya kufanya kazi kwenye tovuti zote, huingia katika kila ukurasa unaofunguliwa. Vichupo vikiwa kumi, kazi hiyo hufanyika mara kumi.

Kumjua mlaji si vigumu. Katika Chrome kwenye Windows, kubonyeza Shift na Esc kwa pamoja hufungua orodha inayoonyesha kila kichupo na kila kiendelezi kinatumia kumbukumbu kiasi gani. Kinachoshukiwa huzimwa kwenye ukurasa wa chrome://extensions, kisha mtumiaji anaendelea na kazi zake siku mbili tatu aone kama kuna tofauti. Kiendelezi kilichozimwa hakili kumbukumbu.

Vingine havihitajiki hata kidogo, kwa kuwa kivinjari chenyewe tayari kinafanya kazi hiyo. Chrome ina kihifadhi cha nenosiri, ina mtafsiri, na tangu mwishoni mwa 2022 ina mbinu ya kulaza vichupo visivyotumika. Kizuia matangazo ni jambo tofauti. Kinatumia kumbukumbu, ndiyo, lakini kinazuia picha na video za matangazo zisipakuliwe, hivyo kurasa hufunguka haraka na bando hudumu. uBlock Origin ni mfano mzuri katika Firefox. Chrome imeacha kukubali toleo hilo kamili, na mahali pake kuna uBlock Origin Lite. Kimoja kinatosha. Kuweka viwili ni kuajiri mabawabu wawili kwa mlango mmoja.

Mwendo wa kompyuta, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha kupunguza mzigo wa kumbukumbu, na kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mwanzilishi wake alikiuza kwa mtu asiyejulikana. Februari 2021 Google ilikiondoa dukani kwake na kukizima katika kompyuta za watumiaji, ikisema kina programu hasidi. Waliokuwa nacho hawakuwa wameweka kitu kibaya. Kilibadilika mikononi mwa mmiliki mpya, kikiwa tayari ndani ya vivinjari vyao.

Kwa hiyo ruhusa zisomwe kabla ya kukubali. Kiendelezi kinachoomba kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaweza kuona hata ukurasa ambapo nenosiri la eCitizen linaandikwa. Kikokotoo au saa ya ukutani inahitaji hilo kwa nini? Ruhusa hiyo pia hupunguzwa: katika mipangilio ya kiendelezi, mtumiaji anaweza kukiruhusu kifanye kazi kwenye tovuti alizochagua tu, au kinapobofywa tu.

Wanaotumia simu hawana mzigo huu kwa kiasi kikubwa, kwani Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android huvipokea.

Anayekwenda saiba, iwe Moi Avenue, Kangemi au Dagoretti Corner, hana njia rahisi ya kujua wateja waliotangulia waliongeza nini. Hapo Chrome ifunguliwe katika hali ya mgeni, inayopatikana kwa kubofya alama ya wasifu upande wa juu kulia. Dirisha hilo halibebi viendelezi vya wasifu wa watu wengine, na likifungwa hufuta historia na vidakuzi vyake. Halizuii programu ya upelelezi iliyowekwa kwenye kompyuta yenyewe, wala halifuti faili zilizopakuliwa. Nakala ya kitambulisho na cheti cha PIN vifutwe na mteja mwenyewe, kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye pipa la taka, kabla hajainuka kitini.