Uliza sababu mbele ya kuuliza bei

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Luhwindja



Katibu aliponiomba niongee leo, nilimwambia nitaongea juu ya shanga. Alicheka. Akasema, tuko na shida ya barabara, shida ya mbegu, shida ya pesa ya shule, na weye unatuletea shanga? Nilimwambia aniachie nafasi kidogo. Juu ya shanga, mimi niko na deni kwenu, na leo nimekuja kulisema mbele ya watu.

Mwaka jana rafiki mmoja wa chama, anayeishi Ulaya, aliniandikia. Alipotutembelea huku aliona mama mmoja amevaa mkufu wa shanga za kioo, za rangi ya bluu, na ile rangi ilimkaa moyoni. Akaniomba nimtafutie kama ule: wa zamani, wa kioo cha kweli. Akasema atalipa vizuri. Mimi niliona ni kazi ndogo. Niko na pikipiki, ninajua masoko, ninajua watu.

Nilianza Bukavu. Muuzaji mmoja sokoni alinionyesha mkufu unaong'aa, akaapa kwamba ni wa wakati wa Wabelgiji. Nililipa bila kubishana sana. Nyumbani nikauweka katika maji ya vuguvugu ili kutoa vumbi. Baada ya muda kidogo maji yakawa bluu, na shanga zikabaki nyeupe! Mtu mwenye diplome ya chuo kikuu, jamani, ameuziwa rangi ya kupakwa.

Basi nikapanda huku Luhwindja. Mama mmoja mwanachama alisikia ninachotafuta. Jina lake silisemi, na haya ninayoyasimulia amenipa ruhusa niyaseme. Alinipeleka nyumbani, akafungua kitambaa, akatoa nyuzi tatu za shanga za bluu nzito, kama anga jioni mbele ya giza. Niliuliza bei. Akasema dola 15. Mimi nikampa 20, nikarudi nikijiona mtu wa huruma.

Wiki mbili nyuma yake nilipita kutembelea kikundi chao. Binti yake akaniuliza, mbele ya mama yake, kama ni mimi niliyechukua zile shanga. Ndipo nikajua habari yote.

Zile shanga mama alipewa na mama mkwe wake siku alipoingia katika nyumba ya bwana yake. Mwaka 1998, walipokimbia, alizishona ndani ya pindo la kikwembe. Njiani waliuzisha sufuria, wakauzisha kikwembe cha pili, wakalala kwa watu. Shanga hakuziuzisha. Alirudi nazo, na alikuwa anazingojeza siku ya ndoa ya huyu binti. Ile wiki niliyofika, mtoto wake mdogo alikuwa hospitalini. Alikuwa amepona, lakini hawakumwacha atoke mpaka deni lilipwe. Deni lilikuwa dola 14. Dola moja ilikuwa ya pikipiki ya kumrudisha nyumbani.

Mumeelewa hesabu? Ile dola 15 haikuwa bei ya mkufu. Ilikuwa bei ya hospitali na pikipiki. Kitu ambacho vita haikukichukua, mimi nilikichukua kwa dola 20.

Nilimwandikia rafiki yetu wa Ulaya. Alihuzunika kwa kweli, lakini alikuwa ameshatoa ule mkufu zawadi, na aliyepewa alikuwa ameukata ili atengeneze hereni. Akatuma pesa zingine. Mama alizipokea, akashukuru. Nilipomwomba msamaha hakukasirika. Alisema hivi: "Mutoto iko muzima, siwezi kulia juu ya shanga. Lakini weye uliniuliza bei, haukuniuliza sababu. Kama mungenikopesha, ningewarudishia."

Hayo maneno yamekaa nami tangu ile siku. Ndiyo yamenileta hapa.

Sasa tuongee kama watu wa hapa. Hapa Luhwindja kila mtu anajua dhahabu. Hata kijana anayetoka shimoni na chembe ndogo hawezi kuikabidhi kabla haijapanda kwenye mizani, na kama mnunuzi anamdanganya, anakwenda kwa mwingine. Lakini mkufu wa mama unauzishwa kwa macho, kwa haraka, mlangoni, na bei inatoka kwenye shida ya siku ile. Kwa hiyo tujifunze kidogo, ili siku mtu akibisha hodi na kusema "niko natafuta shanga za zamani", tujue tuko na nini mkononi.

Shanga za kioo za namna hii hazikutengenezwa kwetu. Nyingi zilitoka Venice, katika Italia, na nyingine Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Ucheki, hasa kwenye mji wa Jablonec. Zilivuka bahari mpaka Zanzibar, kisha wapagazi wakazibeba kichwani mpaka Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, na kutoka hapo biashara ilisambaa kuzunguka ziwa. Stanley, aliyenunua shanga Zanzibar mwaka 1871 kwa safari ya kumtafuta Livingstone, aliandika kwamba ilimbidi ajifunze kwanza rangi inayopendwa na kila kabila. Nyeusi zilipokelewa Ugogo na kukataliwa mahali pengine pote. Nyekundu zilipendwa Unyamwezi. Nyeupe zilifaa Ufipa, na kwa majirani wengine zilidharauliwa. Ukikosea rangi, mzigo wako wote ni takataka. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba wazee wa zamani walidanganywa na vioo vinavyong'aa. Walichagua. Na kandokando ya ziwa Kivu watu walikuwa pia na butega, zile bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mmea, zilizotumika kama pesa sokoni. Kupima na kulinganisha walijua vizuri kabisa.

Si kila mkufu wa bluu ulioko nyumbani umefika wakati wa Stanley. Shanga ziliendelea kuuzwa katika maduka wakati wa Wabelgiji. Kwa hiyo umri hausemwi kwa kuapa. Unaangaliwa.

Angalieni hivi. Kwanza, gusisha ushanga kwenye shavu. Kioo ni baridi na kizito kidogo, na shanga mbili zikigongana zinalia. Plastiki inapata joto haraka na sauti yake ni butu. Msitumie moto, mtaharibu.

Pili, angalia tundu na mistari. Kuna shanga zilizotengenezwa kwa kuzungushia kioo laini juu ya chuma chembamba. Hizo ziko na mistari inayozunguka tundu, na hazilingani: moja nene, nyingine nyembamba. Kuna nyingine zilizokatwa kutoka kwenye mrija mrefu wa kioo. Mistari yake inafuata tundu kwa urefu. Na kuna zile zilizobanwa ndani ya kalibu, kazi iliyofanywa sana Bohemia. Hizo mara nyingi zinaonyesha mshono mdogo ubavuni.

Tatu, angalia mahali ambapo shanga zinasuguana. Shanga iliyovaliwa miaka mingi imelika kandokando ya tundu, na uso wake uko na mikwaruzo midogo sana. Vumbi na udongo si ushahidi, juu wadanganyifu wanajua kupaka matope. Uzi pia si ushahidi, juu uzi unaoza na kila mama anaushona tena.

Nne, rangi. Katika kioo cha kweli bluu iko ndani, mpaka kwenye tundu. Kama ndani ni nyeupe na juu ni bluu, kumbukeni maji yangu ya vuguvugu.

Na juu ya ile bluu nzito niseme jambo moja. Inatoka kwenye kobalti. Kiasi kidogo sana kinatosha kupaka rangi kioo kingi. Zamani zile kobalti ya viwanda vya Ulaya ilichimbwa kwenye milima yao wenyewe, kama ile ya Saxony, Ujerumani. Leo nchi inayotoa kobalti nyingi kuliko zote duniani ni Kongo yetu, kule upande wa Kolwezi. Sisi wa Luhwindja, tuliouona mgodi wa Twangiza ukianza kutoa dhahabu mwaka 2011, na majirani wakihamishiwa Cinjira, hatuhitaji kufundishwa kwamba kitu kinaweza kuwa na bei kubwa mbali na bei ndogo kwa mwenye nacho. Lakini juu ya mgodi hatuna funguo. Juu ya shanga zetu, funguo ziko kwetu.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, mkutano uyajadili.

La kwanza. Asiwepo mfanyakazi wa shirika, mimi wa kwanza, atakayenunua kitu cha urithi kwa mwanachama siku ileile anayokiona. Ipite wiki moja. Katika hiyo wiki wajumbe wawili wa kikundi, wamama, wamtembelee mwenye kitu na kumuuliza: kwa nini unauzisha? Kama hakuna shida, ni mapenzi yake tu, auzishe kwa amani. Ni mali yake, na hatukuja kumzuia mtu na mali yake.

La pili. Kama ni shida, tumkopeshe. MUSO zetu ziko na masanduku matatu, mnayajua: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa misiba na magonjwa, la bluu kwa pesa zinazotoka nje. Ile wiki ya yule mama, sanduku jekundu lilikuwa limeisha juu ya misiba miwili, na la kijani lilingojea siku ya mkutano. Hospitali haingojei siku ya mkutano. Naomba sehemu ya sanduku la bluu itengwe kwa mikopo ya haraka, isipite dola 30, miezi mitatu, bila faida. Mwenye mkufu akitaka kuuweka kama rehani, ufungwe ndani ya kitambaa mbele yake, shanga zihesabiwe, na ukae ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Akimaliza kulipa anaondoka na mkufu wake. Akichelewa, kikundi kiongee naye kwanza. Rehani isigeuke mlango mwingine wa kupoteza.

La tatu. Tuwe na daftari. Kila kitu cha urithi kinachouzishwa kupitia kwa mwanachama kiandikwe: ni nini, kilitoka kwa nani, bei gani, nani amenunua. Mnunuzi apewe nakala, kama mwenye mkufu anakubali. Mkufu wenye habari yake uko na thamani kuliko mkufu bila habari, hata mbele ya mnunuzi wa Ulaya. Na siku moja mjukuu akiuliza, tutajua pa kuanzia.

La nne. Kwa wageni wanaotaka zawadi, vikundi vyetu vishone mikufu mipya. Shanga za kioo kutoka India na China zinapatikana Bukavu, na mikono ya kushona tunayo. Tuandike wazi: mpya, imeshonwa Luhwindja. Ushanga mpya unaouzishwa kwa jina lake ni bidhaa nzuri. Ubaya ni kuupaka matope.

Ninyi wafadhili wetu, nawaongelea pia, kwa heshima. Mnatupenda, na mnapotutembelea mnapenda kurudi na kitu. Hatuwakatazi. Tunawaomba tu: ukiona mkufu wa bluu kwenye shingo ya mama, usianze na bei. Anza na habari. Muulize aliupata kwa nani. Kaa, kunywa chai yake. Kama nyuma ya habari hiyo unaona shida imejificha, weka pesa yako katika sanduku la bluu, na uache mkufu pale ulipo. Utakuwa umesaidia mara mbili.

Wengine watasema, mambo ya shanga ni madogo. Tuliokimbia tunajua watu walibeba nini. Hatukubeba nyumba wala mashamba. Tulibeba watoto, na vile vilivyoingia ndani ya pindo la kikwembe. Kama chama cha waliorudi hakiwezi kulinda vitu hivyo vidogo vilivyorudi pamoja nasi, tutalinda nini?

Daftari nimeshalinunua, liko hapa mezani. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mwenyewe: mkufu wa kioo, bluu, nyuzi tatu, umetoka kwa mama mkwe, umevuka vita, bei dola 20. Na kwenye nafasi ya mnunuzi nimeandika jina langu.

 Sasa nangojea maulizo yenu.