Mpira, Imani na Karatasi

Haya ni maneno aliyoyasema mfanyakazi wetu wa huduma za jamii mbele ya wanavikundi wa Diani na Msambweni. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.

 

Wenyeviti, waweka hazina, akina mama na vijana, niliombwa niseme juu ya akiba. Nitasema, lakini nitapitia kwenye mpira. Sababu ni kwamba nikikagua vitabu vya vikundi naona pesa zikitoka kwa jambo ambalo halimo katika mradi wowote. Kijana amepata shule kwa ajili ya kipaji chake cha mpira, anaondoka, mama yake anakopa. Godoro, sanduku, nauli, viatu vya mpira. Kikundi kimoja kimeuza kuku wa mradi kabla hawajataga. Sisemi ni vibaya. Nauliza tu: yule aliyekuja kumchukua kijana aliandika nini?

Mambo yenyewe mwayajua. Mwalimu wa michezo amemwona kijana kwenye mashindano ya shule, au uwanjani Ukunda. Anauliza nyumbani kwao ni wapi. Anafika, anakaribishwa madafu, anasema, "Mpeni kwetu, karo msiwe na wasiwasi." Huo mwendo haukuanzia Kwale. Kule Uganda, shule ya St. Mary's Kitende ilijenga jina kwa kuwakusanya vijana wenye vipaji na kuwasomesha. Mwenye shule, Bwana Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa FUFA tangu 2005 hadi 2013, ndiye pia mwenye klabu ya Vipers. Hapo mzazi angalau ajua kijana anatoka wapi na anaelekea wapi. Kwetu mara nyingi ni neno la mdomo, na mdomo una miguu.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe, halafu mtanisikiliza vizuri zaidi au mtaniacha.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na kijana Mdigo, baba yake mvuvi, akicheza pembeni kulia. Mbio alizokuwa nazo, jamani! Shule moja ya bara, shule ya kanisa, ilimtaka aingie Kidato cha Pili. Mama yake alikuwa katika kikundi nilichokuwa nikikitembelea. Akaniuliza, "Dada, tuwadai barua?" Nami nikamjibu, "Mama, hao ni watu wa kanisa. Hamna haja." Maneno hayo niliyasema mimi, mwenye diploma ukutani.

Kikundi kikamkopesha mama shilingi 14,000, kijana akaenda. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Kidato cha Tatu akaumia goti, akakaa nje ya timu, na muhula uliofuata mama akaletewa hesabu ya karo, pamoja na ya muhula uliopita. Tulipiga simu kumtafuta yule mwalimu aliyeahidi. Kumbe yeye mwenyewe amehamia shule nyingine! Mwalimu mkuu akasema hana habari ya ahadi yoyote. Alidanganya? Sidhani. Hakuna kilichoandikwa, basi angejuaje? Kijana akarudi nyumbani bila kumaliza. Ule mkopo ukazua maneno, na wanachama wanne wakajitoa kwa mpigo.

Kuna jambo la pili ambalo sikuliuliza kabisa. Kule shuleni Jumapili bweni zima lilikwenda misa, naye akenda pamoja nao. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yalikuwa saa kumi jioni, na saa ya daku jiko lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo. Lakini huku nyumbani watu wakaanza kumwambia mama yake kwamba ameuza dini ya mtoto kwa karo. Mama yule bado hunisalimu tukikutana barabarani. Ila hajaniita dada tena.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema, "Tuaminiane tu, sote ni watu wa Mungu," moyo wangu hushtuka. Ndugu zangu Waislamu wanajua kuliko mimi kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na sisi Wakristo tunaye nabii Yeremia. Aliponunua shamba kule Anathothi, tena kwa jamaa yake, aliandika hati, akaita mashahidi, akapima fedha, kisha hati ikawekwa katika chombo cha udongo ili idumu. Nabii mzima! Nani basi aliyetufundisha kwamba kudai karatasi ni kukosa imani?

Katika barua hiyo ya shule yaandikwe mambo ya kawaida kabisa. Karo inalipwa na nani, na ni yote au nusu. Akiumia, matibabu ni ya nani, na je, ataendelea kusoma mpaka mtihani wa mwisho? Hili la kuumia ndilo kubwa, msiliache. Mwalimu akihama je? Kwa hiyo sahihi iwe ya mwalimu mkuu na muhuri wa shule, si ya kocha peke yake. Kijana ni mtoto bado, basi mzazi au mlezi naye atie sahihi, na kikundi kikae na nakala.

Kisha muulize juu ya ibada kabla sanduku halijafungwa. Ijumaa atapata ruhusa? Ramadhani chakula kitakuwaje, na mazoezi saa ngapi? Vivyo hivyo kwa Mkristo anayekwenda shule ya Kiislamu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume cha imani yake. Lakini msiende mkitegemea korti. Mnakumbuka kesi ya hijabu ya shule ya St. Paul's Kiwanjani kule Isiolo, shule inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana kuvaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, kwa sababu ya namna madai yalivyofikishwa kortini. Miaka yapita watu wazima wakibishana, na mtoto kidato hakimngoji.

Sasa uaminifu. Kijana akihama timu ya kijiji, huitwa msaliti. Akibaki bila viatu, huitwa mwaminifu. Mimi hesabu hiyo siielewi. Mtoto wa miaka 15 si mali ya timu. Lakini nanyi vijana, msidhani kuondoka ni kufunga begi tu. Mtazameni Feisal Salum, Fei Toto wa Zanzibar. Mwishoni mwa 2022 alitaka kuondoka Yanga, akailipa klabu shilingi za Tanzania milioni 112, akiamini mkataba umekwisha. Yanga wakakataa, na shirikisho la soka kule likaamua kwamba bado ni mchezaji wao. Miezi ikapita hachezi. Wengine walimtukana kwa kukosa shukrani, wengine wakamchangia pesa za kesi. Mwezi Juni 2023 Rais Samia alipowaalika Yanga Ikulu, akawaomba walimalize jambo hilo, na siku chache baadaye akauzwa Azam. Kijana wenu wa Gazi au Kinondo hatakuwa na rais wa kumwombea mezani. Asome karatasi kabla ya kutia sahihi, na asomewe na mtu asiyekula kitu katika mapatano hayo.

Na nyie mnaolea timu za vijiji, mnaonunua mipira kwa pesa za chama, haki yenu ipo. Wengi hawaijui. Tangu 2001 FIFA ina kanuni kwamba mchezaji anapouzwa toka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa haujakwisha, asilimia 5 ya bei igawiwe klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Chukueni Victor Wanyama. Mwaka 2013 Southampton walimnunua kutoka Celtic kwa pauni milioni 12.5. Kwa kanuni hiyo, kila mwaka mmoja wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya pauni 31,250, na kila mwaka kati ya 16 na 23 ni pauni 62,500. Hebu pigeni hesabu hiyo kwa shilingi, mjionee ni visima vingapi.

Lakini pesa hizo huenda kwa klabu iliyoandikishwa na mchezaji aliyeandikishwa katika klabu hiyo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalum inayopitisha malipo hayo, nayo huangalia kumbukumbu za uandikishaji. Daftari la kapteni halitoshi. Kwa hiyo timu iandikishwe kwa FKF, na kila mtoto aandikishwe kwa jina lililo katika cheti chake cha kuzaliwa. Si jina la utani, si umri wa kupunguza. Mkimpunguzia mtoto umri ili acheze mashindano, mmejiibia ushahidi wenu wenyewe. Na wengi wenu, tusidanganyane, hamtapata senti kwa njia hii, kwa kuwa ni wachache sana wanaofika huko. Msikope kwa kuitegemea.

La mwisho ni la huku kwetu ufukweni. Akija mtu, awe mgeni wa hoteli au mwenyeji mwenye suti, akasema atampeleka mtoto Ulaya kucheza, ila kwanza mlipe ya pasipoti na viza, msitoe pesa. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nje ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache mno, na mtu wa namna hiyo hatakuwa nayo hata moja. Haidhuru awe mcha Mungu kiasi gani. Wapo wanaoanza kwa maombi.

Nimeambiwa hapa kuna mama ambaye mwanawe anaondoka Jumatatu, na barua amekuja nayo. Mama, usiende na wenzako. Ngoja chai imalizike, tuketi wewe, mimi na katibu wenu, tuisome mstari kwa mstari. Kama haina muhuri, simu ya mwalimu mkuu ninayo.