Malaria na Safari ya Ndege: Nairobi hadi Kisumu

  Leo tunazungumza juu ya kusafiri na mtoto mdogo kwa ndege kutoka Nairobi hadi Kisumu.

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Kisumu ni karibu kilomita 280 angani. Ndege huchukua chini ya saa moja. Kwa gari ungetumia saa 6 au zaidi. Mtoto anaweza kunywa uji Nairobi asubuhi, na usiku huo huo akalala kwa nyanyake.

Safari ni fupi, lakini hali ya malaria ni tofauti kabisa. Nairobi iko juu, kuna baridi, na ni nadra mtu kuambukizwa malaria huko. Kisumu iko kando ya Ziwa Victoria, kuna joto, na malaria ipo mwaka mzima. Usiseme, "Hapa ni kwao, amezoea." Mtoto aliyelelewa Nairobi hana kinga ya kutosha. Hata wewe mama, ukikaa Nairobi miaka mingi, kinga yako hupungua.

Basi ufanye nini?

Kabla ya safari, nenda kliniki uulize kuhusu dawa za kuzuia malaria, hasa kama una mimba au mtoto ana ugonjwa wa selimundu. Beba neti iliyotiwa dawa. Mlale ndani yake kila usiku, hata kama ni usiku mmoja tu. Jioni mvalishe mtoto nguo za kufunika mikono na miguu.

Ukisharudi nyumbani, usifikiri hatari imekwisha. Dalili za malaria mara nyingi huonekana siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Mkikaa Kisumu wiki moja, mtoto anaweza kuugua mkiwa mmesharudi Nairobi. Huko mhudumu wa afya anaweza kudhani ni mafua. Kwa hivyo mwambie mapema: "Tulikuwa Kisumu." Omba mtoto apimwe damu.

Usinunue dawa dukani kwa kukisia. Malaria isiyotibiwa inaweza kuwa kali na kumuua mtoto kwa muda wa siku moja. Mwili ukiwa moto, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akipata degedege, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, au akilegea na kushindwa kuamka, usingoje hata kidogo.

Mama, unapofunga mizigo ya safari, kumbuka neti. Na kwa wiki kadhaa baada ya kurudi, mwangalie mtoto kwa makini.