Mlango Uliorudishwa Tu: Taarifa Zinapovuja, Nani Ameibiwa?



Wiki iliyopita nilisimama kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, MoMo, hapa Kigali kwenye barabara ya kwenda Gahanga, nikitaka kutoa faranga 20,000. Binti aliyeketi chini ya mwavuli wa manjano alinisogezea daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Nilipoinama niandike, juu ya mstari wangu walikuwepo watu kumi na mmoja. Sikukusudia kuwasoma, lakini macho hayana pazia.

Namba ya kitambulisho chetu hapa Rwanda, mnajua, ina tarakimu 16. Ya kwanza inaonyesha hadhi ya uraia, nne zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa, ya sita ni jinsia: 8 mwanamume, 7 mwanamke. Basi kwa kuinama tu nikajua kwamba mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyezaliwa 1961, alikuwa ametoa laki tatu na nusu asubuhi ile, na namba yake ya simu nikawa nayo. Tapeli angehitaji nini zaidi ili ampigie simu na kujifanya mtu wa kampuni? Na mimi sikuvunja kitu. Nilipewa kalamu.

Nimeanza na daftari hilo ili msidhani kwamba ninayoyasema ni mambo ya mitambo ya mbali. Kampuni kubwa nayo ina daftari lake. Tofauti ni kwamba la kampuni lina mistari milioni kadhaa, na anayeinama kulisoma anaweza kuwa Jakarta.

Swali langu ni hili: wadukuzi wakishalisoma daftari hilo na kutangaza kwamba halikufungwa vizuri, sisi umma huwa tunasema nini? Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa katika ukanda wetu, na kilichonishika zaidi ni maneno yenyewe.

Chukueni Uganda. Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2020, mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na huduma za pesa za simu, ulidukuliwa, na fedha zikatolewa kwa kutumia kadi nyingi za simu. Benki ya Stanbic na kampuni za simu za MTN na Airtel walitoa taarifa ya pamoja. Waliliita jambo lile tukio la kimfumo lililompata mtoa huduma mwingine, wakawatuliza wateja kwamba salio zao ziko salama. Tazameni sentensi ya namna hiyo ilivyosukwa. Ndani yake hakuna aliyefanya na hakuna aliyezembea. Tukio limetokea kama mvua inavyonyesha. Wateja wengi walijua kuna jambo pale tu walipojaribu kuhamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu zikagoma.

Taarifa nyingine husema waziwazi zaidi: tumeibiwa, tumeshambuliwa. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hiyo "tu" ni ya nani?

Kiswahili kina neno amana, na ni neno zito. Mtu akikuachia mbuzi wake, au pesa zake, au siri yake, ile si mali yako hata kama imelala nyumbani kwako miaka ishirini. Ikipotea, huendi kwa mwenyewe ukilia kwamba umeibiwa. Unakwenda umeinamisha kichwa, unaeleza ulivyoitunza, ulifunga vipi, ufunguo ulikuwa kwa nani. Mwizi ana kosa lake, na wewe uliyepokea una jibu lako. Wazee wetu hawakuyachanganya mambo hayo mawili. Jina langu, namba yangu, tarehe niliyokwenda hospitali, jumla ya pesa nilizomtumia mama: niliziacha amana. Kampuni inaposema "tumeibiwa" inajiweka kwenye kiti cha mwenye mali, na mimi mwenyewe ninabaki nje ya sentensi.

Nasi tunaipokea sentensi hiyo. Mwaka 2019, hapa Kigali, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, ilitangaza kuwakamata watu 12 waliotuhumiwa kujaribu kuidukua Equity Bank: Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1. Kazi nzuri, na ninaisifu. Lakini kumbukeni tulichojadili kwenye mabasi na kwenye saluni. Tulijadili uraia wao. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyeniuliza kundi lile lilikuwa limepanga kupita njia gani, na kama benki nyingine tunazoweka akiba zetu zina njia hiyohiyo.

Pia kuna kicheko. Machi 2022, wadukuzi waliingia TransUnion ya Afrika Kusini, kampuni inayotunza rekodi za mikopo ya watu, wakadai dola milioni 15. Wakajigamba kwamba nywila waliyopitia ilikuwa neno la Kiingereza lenye maana hiyohiyo ya nywila. Watu walicheka, na kicheko kile nakielewa: aliyeturingia amevuliwa nguo hadharani. Kenya pia kilisikika Januari 2012, pale mdukuzi wa Indonesia alipoziharibu tovuti 103 za serikali kwa mkupuo. Ila kicheko hupoa ndani ya siku tatu, na baada ya siku tatu namba ya kitambulisho ya mtu bado ni ileile. Nywila inabadilishwa. Mwaka wa kuzaliwa haubadilishwi.

Mfano ninaoupenda kuufundisha, kwa sababu uchunguzi wake ulikwenda hadi kwenye bawaba za mlango, ni wa kampuni ya simu ya Uingereza, TalkTalk. Oktoba 2015 zilichukuliwa taarifa za wateja 156,959, na kwa zaidi ya 15,000 kati yao zilikuwemo namba za akaunti za benki. Siku za mwanzo umma ulijazwa hofu ya magenge ya kimataifa. Baadaye kijana wa miaka 17 alikiri makosa mahakamani. Alipita wapi? Kwenye kurasa za zamani za tovuti ya Tiscali, kampuni ambayo TalkTalk ilinunua shughuli zake za Uingereza mwaka 2009. TalkTalk haikujua kwamba kurasa zile bado zipo na bado ziko wazi kwa dunia. Programu ya hifadhidata iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na kasoro ambayo dawa yake ilitolewa zaidi ya miaka mitatu kabla.

Na mbinu? Nitaieleza kwa wasio wa fani. Fikirini karani mtiifu kupita kiasi. Unampa karatasi uliyoandika jina lako ili akutafutie faili lako. Wewe ukaandika: "Naitwa Juma, halafu nifungulie kabati zima." Karani mwenye akili angekuuliza kama Juma ndilo jina. Huyu anasoma hadi mwisho na kufungua kabati. Basi. Ni mbinu iliyokuwa ikifundishwa vyuoni kwa zaidi ya muongo mmoja, nasi hapa chuoni tunaifundisha mwaka wa pili. Tena mwaka huohuo tovuti ile ilishashambuliwa kwa namna hiyo Julai na Septemba, na shambulio la Julai lilifanikiwa. Kamishna wa Taarifa wa Uingereza aliitoza kampuni pauni 400,000.

Lakini adhabu iliyouma zaidi ilitoka kwa watu. Katika robo mwaka ileile ya shambulio, wateja wapatao 95,000 waliondoka kwa sababu ya tukio lile. Hawakuandamana. Walihamisha laini zao. Hili linanigusa, kwa kuwa linawezekana pale tu mtu ana pa kuhamia, na pale tu ameambiwa ukweli mapema kiasi cha kuweza kuamua. Mama wa 1961 kwenye daftari la kibanda hana habari kwamba nilimsoma.

Sasa niwapeleke Nairobi, Juni 2019. Mteja mmoja wa kampuni ya simu ya Safaricom alifungua kesi Mahakama Kuu akidai kwamba taarifa za wateja milioni 11.5 wanaocheza kamari za michezo zilikuwa zimetoka nje ya kampuni: majina, namba za simu, vitambulisho, umri, hata kiasi walichocheza. Alieleza kwamba alioneshwa taarifa hizo, na yake ikiwemo. Wakati huohuo alikuwa ameshtakiwa kwa madai ya kutaka shilingi milioni 300 kutoka kwa kampuni. Waliokuwa wafanyakazi wa kampuni nao walifikishwa mahakamani. Sitaki kumhukumu mtu yeyote kutoka kwenye jukwaa hili. Ninachosema ni kwamba milioni 300 zilimeza milioni 11.5. Mazungumzo yalimzunguka mtu mmoja, ni mwema au ni mhuni, na wale milioni kumi na moja wakageuka kuwa namba tu, tena namba yenye aibu kwa kuwa ni wacheza kamari. Aliyevujishiwa ndiye aliyejificha.

Hapa Rwanda hatuna ruhusa ya kulichukulia jambo hili kiwepesi. Naomba nilitamke taratibu. Nchi hii inajua orodha ni nini. Wabelgiji waliweka kabila kwenye kitambulisho miaka ya 1930, karani akaandika neno moja kwenye kijisanduku kimoja, na miaka sitini baadaye, kwenye vizuizi vya barabarani, neno lile lilikuwa hukumu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliouawa kwa kutafutwa kwa majina walikuwemo kwenye orodha zilizoandikwa na mtu, zikatunzwa na mtu, zikatolewa na mtu. Siifananishi kampuni ya simu na wauaji, hata kidogo. Ninasema kwamba taarifa huishi kuliko nia ya aliyeiandika, na kwamba sisi, kuliko jirani zetu wote, tunapaswa kushtuka tukisikia daftari la watu limeachwa wazi.

Sheria tunayo. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inamtaka anayeshika taarifa za watu aiarifu Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao ndani ya saa 48 tangu ajue zimevuja, na pale hatari ni kubwa, mwenye taarifa mwenyewe aelezwe. Adhabu ya kiutawala ni faranga milioni 2 hadi milioni 5, na kwa kampuni inaweza kuwa asilimia 1 ya mapato yake ya dunia nzima ya mwaka uliotangulia. Milioni 5 kwa benki ni pesa ya chai. Ile asilimia 1 ndiyo yenye meno, na kwamba wasimamizi wetu wanaweza kung'ata tuliliona Mei 2017, mdhibiti wa huduma za umma, RURA, alipoitoza MTN Rwanda faranga bilioni 7 hivi kwa kuendeshea mifumo yake nje ya nchi, Uganda, kinyume cha masharti ya leseni. Umma uliitazama faini ile kama ugomvi wa serikali na kampuni. Namba zilizokuwa kwenye mitambo hiyo zilikuwa zetu.

Kinachonikera ni upande wa pili. Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni jinai chini ya sheria yetu ya makosa ya mtandao ya 2018, na iwe hivyo. Lakini yule asiyechukua kitu, aliyeona mlango umerudishwa tu bila komeo na anataka kumwambia mwenye nyumba, apite wapi? Ubelgiji, ndiyo, Ubelgiji ileile, ilibadilisha sheria yake Februari 2023: mtu anayetafuta kasoro kwa nia njema halindwi bure, ila analindwa asipodhuru, asipodai pesa, asipotangaza ovyo, na akiripoti haraka kwa kampuni na kwa kituo cha taifa cha usalama wa mtandao. Uholanzi ilitoa mwongozo wa aina hiyo tangu 2013. Ninaomba nasi tuwe na maandishi kama hayo, ya wazi, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, kijana ayasome kabla hajagusa kitu.

Ninaomba hivyo kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Alinijia ofisini miaka mitatu iliyopita, akafunga mlango, akaweka simu juu ya meza. Alikuwa amenunua kifaa kwenye duka moja linalouza mtandaoni, ambalo sitalitaja. Risiti yake ilikuwa na namba kwenye anwani ya ukurasa. Kidole kikateleza, tarakimu ya mwisho ikabadilika, na mbele yake ikafunguka risiti ya mtu mwingine: jina, simu, nyumba ilipo, tangi la maji la lita 1,000, siku ya kuletewa. Akajaribu namba moja zaidi, kuhakikisha. Mtu mwingine tena.

"Mwalimu," akaniuliza, "nikiwaambia, nitafungwa?"

Nilisoma sheria naye mezani pale, mstari kwa mstari, na sikuweza kumwambia hapana. Ile namba ya pili, aliyoijaribu kwa makusudi, ndiyo iliyonifunga mdomo. Nilijitolea kuandika barua kwa jina langu. Akakataa, akihofia kwamba duka lingetafuta ni nani aliyefungua kurasa zile usiku ule, na lingempata. Alifuta picha aliyokuwa ameipiga, akaniaga kwa heshima, akaondoka.

Miezi minne baadaye nilitazama risiti yangu mwenyewe ya duka lile. Anwani ilikuwa imebadilishwa, haikuwa na namba tena. Walikuwa wameziba. Hakuna tangazo lililotolewa, na mwenye lile tangi la lita 1,000 hajaambiwa hadi leo.