Picha za Vugiri Zilizopotea
(Mazungumzo kwa watu wa Voi na Taveta)



Ng'ambo ya mpaka wa Taveta, katika milima ya Usambara, pana mahali paitwapo Vugiri. Huko, baina ya 1935 na 1937, zilitengenezwa picha za sinema 35, Waafrika wenyewe wakiigiza. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalitoka katika sahani za santuri. Moja ilikuwa kisa cha vibarua wawili waliopokea mshahara: mmoja aliweka fedha zake Posta, mwenziwe akazificha nyumbani, zikaibwa. Kisa hicho, ole, hakionekani tena. Zijulikanazo kuwa zimesalia ni tatu tu, nazo zahusu utabibu wa mifugo, safura na mashamba. Mafunzo yamehifadhiwa, hadithi imepotea pamoja na nyuso za waigizaji wake.