Kibanja, Pasipoti na Kodi: Mali ya Nje kwa Familia za Bukoba na Muleba



Mtoto wa Kamachumu anakwenda Marekani, anasoma, anapata kazi, kisha anakula kiapo cha uraia. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo siku hiyohiyo anakoma kuwa Mtanzania. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nacho kinamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kibanja alichoachiwa na baba yake, pamoja na kahawa na makaburi yaliyomo, sasa ni mali iliyo katika nchi ya kigeni.

Wengi hukimbilia kuandikisha jina la kaka. Mimi naiogopa njia hiyo. Kaka akifariki, kibanja kinaingia katika mirathi yake, na mjane na watoto wana kila sababu ya kukidai. Ujumbe wa simu mliokuwa mkitumiana na marehemu hautakusaidia sana mbele ya baraza. Ni kweli, mwaka 2025 Sheria ya Uhamiaji na ile ya Ardhi zilirekebishwa ili wenye asili ya Tanzania wapewe hadhi maalumu inayowafungulia mlango wa ardhi. Lakini vibanja vyetu vingi vinashikiliwa kimila, katika ardhi ya kijiji, bila hati yoyote. Kwa hiyo mwenye hadhi hiyo apite kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri, ndipo amtafute fundi wa ujenzi. Aliye bado raia, amalize mambo ya kibanja kabla ya kiapo.

Kodi ina macho mengine. Haiulizi pasipoti, inauliza ukaazi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, aliyekaa nchini siku 183 katika mwaka ni mkaazi. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mwenye makazi ya kudumu hapa, akiwepo nchini hata sehemu ndogo tu ya mwaka, naye huhesabiwa mkaazi. Yule anayekuja kila Desemba, akalala kwenye nyumba yake, akala senene na kuondoka, ajiulize vizuri. Jibu lina uzito: akiuza nyumba ya Kashai, mjini Bukoba, mkaazi hutozwa asilimia 10 ya faida na asiye mkaazi hutozwa zaidi. Faida hupatikana kwa kutoa gharama, na gharama huthibitishwa kwa risiti. Zile za saruji na mabati zitunzwe. Marekani, kwa upande wake, humtoza raia wake popote alipo, hata pango la Kashai inalitaka kwenye ritani.

Mkaazi wa hapa naye hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Mwenye nyumba ya kupangisha Kampala anahusika. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili na Sweden, Denmark, Norway na Finland, ila na Uganda, jirani wa ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, hakuna unaotumika. Nafuu iko katika sheria yetu wenyewe: kodi uliyolipa Uganda hupunguzwa kwenye ya hapa, ukiwa na ushahidi wa malipo.

Na kabla ya kununua huko, kumbuka kwamba Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humruhusu asiye raia kukodishiwa ardhi tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaweka ukomo wa miaka 99. Anayekuuzia ardhi ya mailo, yaani ya umiliki wa kudumu, moja kwa moja kwa jina lako la Kitanzania anakuuzia kesi.